Mchoro wa mfuatano upewe maana kabla ya mkataba kutiwa saini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida huishia ndani ya ofisi za wataalamu wa programu, ingawa matokeo yake humfikia kila mwananchi anayelipa ada, kununua umeme au kutuma pesa kwa simu. Wasomaji wako wameandika mara kwa mara kuhusu pesa zilizokatwa bila huduma kutolewa, na kuhusu malipo yaliyokatwa mara mbili, na jibu wanalopewa huwa ni lile lile kwamba mtandao ulisumbua. Mtandao husumbua kweli, na utaendelea kusumbua. Lakini kusumbua kwake kunajulikana tangu siku ya kwanza ya usanifu, na kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa ni hili: nyaraka ambazo mnunuzi wa mfumo na mtengenezaji wake walizitia saini zilisema nini kifanyike pale ujumbe unapochelewa, unapopotea au unapofika mara mbili? Kwa uzoefu wangu katika kazi hii, mara nyingi nyaraka hizo hazisemi, na sehemu kubwa ya ukimya huo imejificha ndani ya michoro inayoitwa michoro ya mfuatano.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, mchoro wa mfuatano ni ule ambao kila mhusika, awe mtu, simu, seva au taasisi, hupewa mstari wa wima uitwao mstari wa uhai, na ujumbe unaotoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa mwingine huchorwa kama mshale, mishale ikishuka kutoka juu kwenda chini kadiri muda unavyosonga. Tumeurithi kutoka kwa wahandisi wa mitambo ya simu. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, wenye makao yake Geneva, uliuwekea kanuni mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika pendekezo linalojulikana kama Z.120, na lugha ya michoro ya UML, ambayo OMG, kundi linaloweka viwango vya programu, liliipitisha mwaka 1997 ikiwa na michoro ya mfuatano iliyo myepesi, ilichukua mengi kutoka Z.120 katika toleo lake la pili lililotangazwa rasmi mwaka 2005. Tangu hapo mchoro mmoja unaweza kubeba uchaguzi, marudio, mambo yanayokwenda sambamba, na hata mambo yaliyokatazwa. Uzuri wake ni kwamba hata mkurugenzi wa fedha ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu huutazama na kuona kwamba ameuelewa. Hatari nayo inaanzia hapo hapo, kwa kuwa watu watatu wanaweza kuutazama mchoro mmoja, kila mmoja akaridhika kwamba ameuelewa, na kila mmoja akawa ameelewa jambo tofauti.

Nitatoa mfano niliouchora mwenyewe, ambao si wa kampuni wala shirika lolote. Kuna mistari mitatu ya uhai: simu ya mteja, mfumo wa pesa, na mfumo wa umeme. Simu inautumia mfumo wa pesa ujumbe wa kulipa shilingi 10,000. Mfumo wa pesa unauomba mfumo wa umeme utoe tokeni. Mfumo wa umeme unaujibu mfumo wa pesa kwamba tokeni imetolewa. Mfumo wa pesa unaitumia simu taarifa kwamba malipo yamekamilika. Mwisho, mfumo wa umeme unaitumia simu meseji yenye tarakimu za tokeni. Mishale ni 5, na hakuna mwanafunzi wa mwaka wa pili atakayeshindwa kuichora.

Sasa tuusome mchoro huo kwa kanuni zake zenyewe. Kila mshale ni matukio mawili, kutumwa na kupokewa, kwa hiyo tuna matukio 10. Kanuni inasema mambo mawili tu: ujumbe hauwezi kupokewa kabla haujatumwa, na matukio yaliyo kwenye mstari mmoja wa uhai hufuatana kama yalivyochorwa kutoka juu kwenda chini. Kati ya mistari tofauti hakuna mpangilio mwingine wowote, hata kama jicho linauona mshale mmoja uko juu ya mwingine. Mantiki hii ya nini kimetangulia nini pale ambapo hakuna saa moja inayowaongoza wote ilielezwa kwa ufasaha na Leslie Lamport mwaka 1978, na kila anayeunda mifumo iliyotawanyika anadaiwa kuijua. Ukifuata kanuni hiyo katika mchoro wangu, utaona kwamba kutumwa kwa tokeni kunaweza kutokea kabla mfumo wa pesa haujapokea jibu lake, au baada ya kulipokea, au baada ya kutuma taarifa ya malipo, au hata baada ya simu kuipokea taarifa hiyo. Kila mpangilio kamili wa matukio hayo 10 tunauita mwenendo; mchoro mmoja una mienendo 4 iliyo halali, na msomaji wa kawaida huona mmoja tu.

Liko tatizo zito kuliko hilo la hesabu. Kwenye mstari wa simu, mchoro unaonyesha taarifa ya malipo ikipokewa kwanza na tokeni ikifuata. Jumbe hizo mbili zinatoka kwa watumaji wawili wasioongozana, na kila mmoja anatuma kwa wakati wake. Hakuna kitu chochote katika mfumo mzima kinachoweza kuhakikisha kwamba zitafika kwa mpangilio uliochorwa. Mchoro unaahidi jambo ambalo hakuna aliyepewa jukumu la kulitekeleza. Mwaka 1996 Rajeev Alur, Gerard Holzmann na Doron Peled, wakiwa Bell Labs, walitengeneza programu ya kuchambua michoro ya aina hii na kuonyesha mahali ambapo mpangilio uliochorwa na mpangilio unaoweza kutokea havilingani, yaani pale ambapo jumbe zinashindana kufika. Zana za kuchorea ambazo wengi wetu tunatumia leo hupanga mishale vizuri na kuipaka rangi, wala hazikuulizi swali hilo. Kijana aliyepewa kazi ya kuandika programu ya simu, akiuamini mchoro kama ulivyo, ataandika kwamba tokeni ikifika kabla ya taarifa ya malipo ni kosa, itupwe. Mteja atabaki gizani akiwa amelipa, na kijana huyo atakuwa ametekeleza kwa uaminifu kile alichokabidhiwa.

Tuje kwenye lile linalowaumiza wasomaji wako zaidi. Chukulia kwamba jibu la mfumo wa umeme linachelewa. Mfumo wa pesa unasubiri kwa muda, kisha unatuma ombi tena. Mfumo wa umeme, ukiwa ulishatoa tokeni ya kwanza, unatoa ya pili, na akaunti ya mteja inakatwa mara mbili. Je, mchoro wa mishale 5 unasema nini kuhusu mwenendo huo?

Niliwahi kuketi katika kamati ya kupokea mfumo wa malipo wa taasisi moja ambayo sitaitaja, na swali la namna hiyo ndilo lililotukwamisha. Mchoro ulikuwa ukurasani na saini za pande zote mbili zilikuwa chini yake. Majaribio yalionyesha kwamba jibu likichelewa, mteja anakatwa mara mbili. Upande wa taasisi ulisema mchoro una mshale mmoja tu wa kukata pesa, kwa hiyo kukata mara mbili ni kukiuka mkataba. Upande wa watengenezaji ukajibu kwamba mchoro unaonyesha hali ya kawaida, na kwamba hakuna mahali palipoandikwa kuwa hali nyingine zimekatazwa. Kikao kizima kilikwenda hivyo. Nilisikitika kwa sababu, kwa mchoro ulivyokuwa, hakuna upande uliokuwa umesoma vibaya, jibu halikuwamo. Mchoro ule ulikuwa kama shahidi anayesimulia alichokiona siku moja, ilhali kamati ilikuwa inatafuta sheria ya siku zote.

Kiwango cha UML chenyewe hakifichi jambo hili. Kinaeleza kwamba maana ya mchoro wa mfuatano ni jozi ya makundi mawili ya mienendo, moja la mienendo halali na jingine la mienendo batili, na kwamba makundi hayo mawili yakijumlishwa si lazima yamalize mienendo yote inayowezekana. Inabaki sehemu ya tatu ambayo haijaamuliwa. Katika mchoro wangu mienendo halali ni ile 4, mienendo batili haipo hata mmoja kwa kuwa sikuchora katazo lolote, na kila kitu kingine duniani, pamoja na kumkata mteja mara mbili, kiko katika sehemu ya tatu. Anayetia saini chini ya mchoro huo akidhani amekataza jambo fulani hajakataza lolote.

Kuna watafiti waliolichukua jambo hili kwa uzito na kulifanyia kazi miaka mingi, na nasikitika kwamba kazi yao haijulikani sana katika ofisi zetu. Huko Norway, Øystein Haugen na Ketil Stølen, pamoja na Knut Eilif Husa na Ragnhild Kobro Runde, walianzisha kuanzia mwaka 2003 mbinu waliyoiita STAIRS, ambayo inaipa michoro ya mfuatano maana ya kihisabati na, juu ya maana hiyo, inaweka kanuni za kuuboresha mchoro hatua kwa hatua mpaka ufikie programu inayofanya kazi. Wanaanza na makundi yale yale matatu: halali, batili, na yasiyoamuliwa. Kisha wanauliza swali ambalo kila mhandisi anapaswa kujiuliza anapobadilisha mchoro wa mwezi uliopita: mchoro mpya unatimiza mchoro wa zamani, au umeuacha na kwenda njia nyingine?

Jibu lao lina njia tatu. Njia ya kwanza ni kuongezea: mwenendo uliokuwa haujaamuliwa unaamuliwa, unakuwa halali au batili. Katika mfano wangu, nitachora mwenendo ambao mfumo wa pesa unarudia ombi kwa namba ile ile ya kumbukumbu na mfumo wa umeme unarudisha tokeni ile ile ya kwanza, na huo nitauita halali. Nitachora pia mwenendo wa kukatwa mara mbili kwa ombi moja na kuuwekea alama ya katazo. Njia ya pili ni kubana: mwenendo uliokuwa halali unahamishwa na kuwa batili, kwa sababu msanifu ameamua kuchagua. Kama mchoro wa awali uliruhusu tokeni ifike kwa meseji au ionekane ndani ya programu ya simu, toleo la baadaye linaweza kuamua kuwa ni kwa meseji tu. Njia ya tatu ni kufungua kwa undani: mstari mmoja wa uhai unapasuliwa na kuwa mistari kadhaa, kwa mfano mfumo wa pesa unakuwa akaunti ya mteja, daftari la hesabu na lango la malipo, kwa sharti kwamba ukiziondoa jumbe za ndani, kinachoonekana kutoka nje kibaki kile kile.

Katika njia zote tatu kuna sharti moja ambalo ningependa kila mwanasheria wa mikataba ya tehama alijue: kilichokwisha kuwa batili hakirudi kuwa halali, wala hakirudi katika sehemu ya yasiyoamuliwa. Na kilichokuwa halali kinaweza kubaki halali au kubanwa kikawa batili, ila hakiwezi kusahaulika. Ahadi zinakusanyika toleo baada ya toleo. Watafiti hao walithibitisha pia kwamba uboreshaji huu unarithishana, yaani toleo la tano likitimiza la nne, na la nne likatimiza la tatu, basi la tano limetimiza la tatu bila kurudia hesabu. Na kwamba vipande vya mchoro vikiboreshwa kila kimoja peke yake, vikiunganishwa tena kwa viunganishi vikuu, mchoro mzima unakuwa umeboreshwa. Kwa mradi wenye timu moja Dar es Salaam na nyingine Dodoma, sifa hiyo ya pili ndiyo inayoruhusu kazi igawanywe bila hofu.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la uchaguzi, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona hatari ambayo sikuwahi kusikia ikitajwa katika kikao chochote cha mahitaji. Katika UML kipande cha uchaguzi huandikwa alt. Tuseme mchoro wangu unasema: mfumo wa umeme utatoa tokeni, alt, utakataa ombi kwa kueleza sababu. Kila msomaji anaelewa kwamba wakati mwingine itakuwa hivi na wakati mwingine vile. Lakini alt ile ile hutumika pia kumwachia mtengenezaji uhuru wa kuchagua, kama katika suala la meseji au programu ya simu. Kama matumizi yote mawili ya alt yanabeba maana moja ya uhuru wa mtengenezaji, basi kubana kunaruhusiwa, na mfumo unaokataa kila ombi, kila siku, kwa kila mteja, umeutimiza mchoro kikamilifu. Kwa mujibu wa maandishi, hauna kosa. Hii ndiyo sababu STAIRS ikaongeza alama ya pili, xalt, kwa uchaguzi ambao mfumo uliokamilika lazima ubaki nao: njia zote mbili ziwepo, na kila moja ipatikane katika kila toleo la baadaye. Tofauti kati ya jambo ambalo mtengenezaji anaruhusiwa kulichagua na jambo ambalo mtumiaji ana haki ya kulipata ni tofauti kubwa mno kuiacha ndani ya alama moja isiyo na maelezo.

Hawakuwa peke yao katika kuliona hilo. Werner Damm na David Harel, mwishoni mwa miaka ya 1990, walieleza kwamba michoro ya kawaida husema tu kinachoweza kutokea, na wakabuni aina nyingine ya michoro inayotenganisha mfano wa tukio moja na sharti la kila tukio, ikitenganisha pia hatua ambayo lazima ifikiwe na hatua ambayo inaweza isifikiwe bila mtu kulaumiwa. Mwaka 2008 Harel na Shahar Maoz waliurudia mjadala huo kwa UML yenyewe, hasa kuhusu alama za katazo na lazima, ambazo kiwango kiliziacha na utata. Na mwaka 2011 Zoltán Micskei na Hélène Waeselynck walikusanya maana mbalimbali ambazo watafiti wameipa michoro hii, wakaonyesha jinsi maamuzi madogo, kama vile katazo lililowekwa ndani ya kipande kingine lisomwe vipi, yanavyozaa maana zinazotofautiana. Kwa hiyo mkataba unaosema tu kwamba michoro yake inafuata UML bado haujasema michoro hiyo ina maana gani.

Huenda msomaji akauliza kama haya yana uzito wowote nje ya vyuo vikuu. Historia ya itifaki za usalama, yaani kanuni za mashine kuzungumza kwa siri na kutambuana, inajibu vizuri. Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walipendekeza njia ya wahusika wawili kutambuana kwenye mtandao kwa kutumia funguo za wazi. Ukiondoa hatua za kuchukua funguo kutoka kwa seva, kiini chake ni jumbe 3 tu, mishale mitatu kati ya mistari miwili ya uhai. Wataalamu waliisoma, wakaifundisha na kuichambua. Ilichukua hadi mwaka 1995 ndipo Gavin Lowe wa Oxford akaonyesha kwamba mtu wa tatu, akianzishiwa mazungumzo na mhusika wa kwanza, anaweza kupitisha jumbe kwa mhusika wa pili na kumfanya aamini kwamba anazungumza na yule wa kwanza. Dawa yake ilikuwa kuongeza utambulisho wa anayejibu ndani ya ujumbe wa pili. Lowe aliendelea mwaka uliofuata kuichunguza itifaki hiyo kwa CSP, lugha ya kihisabati ya Tony Hoare ya kueleza mifumo inayowasiliana, na zana iitwayo FDR, ambayo kazi yake ni kuangalia kama mienendo yote ya mfumo imo ndani ya mienendo iliyoruhusiwa. Mishale ilikuwa 3 na miaka ilikuwa 17. Mienendo ambayo mchoro haukuionyesha ilikuwepo muda wote, na ilionekana pale mtu alipoamua kuihesabu yote kwa maana iliyo kamili. Mifumo yetu ya malipo ina mishale mingi kuliko hiyo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, huduma za pesa kwa simu zimeunganishwa na benki, mashirika ya huduma na taasisi za serikali, na kila muunganiko unaongeza mistari ya uhai na mienendo ambayo hakuna aliyeichora.

Najua pingamizi la kwanza. Wataniambia kwamba wateja hawasomi hisabati, na kwamba kumpelekea katibu tawala kurasa za makundi na jozi ni kumpotezea muda. Sipendekezi hivyo. Hisabati ni ya wale wanaotengeneza kanuni na zana. Anayetia saini anahitaji kujua matokeo yake kwa lugha ya kawaida, kama vile tunavyotia saini kwenye ramani ya kiwanja bila kukokotoa pembe. Pingamizi la pili ni gharama, na hili nalipa heshima zaidi, kwa sababu kuchora makatazo na hali za kuchelewa kunaongeza siku za kazi mwanzoni. Lakini siku hizo hazikwepeki. Zisipotumika kwenye karatasi, zitatumika katika kikao kama kile nilichokieleza, programu ikiwa imeshaandikwa na pesa zimeshalipwa, na muda huo wote mwananchi anapiga simu huduma kwa wateja.

Faida ambayo sijaona ikizungumzwa ni ya kimkataba. Kila mradi wa programu una mgogoro wa maombi ya mabadiliko: mnunuzi anasema hili lilikuwamo tangu mwanzo, mtengenezaji anasema hili ni jipya, lilipiwe. Kanuni za uboreshaji zinatoa kipimo. Ombi likija, liulizwe: je, linaamua jambo lililokuwa halijaamuliwa, linabana jambo lililokuwa na uhuru, au linafungua mstari kwa undani? Kama ni mojawapo, hilo ni ukamilishaji wa usanifu uliokubaliwa, na gharama yake itazamwe hivyo. Kama linafanya halali jambo lililokwisha katazwa, au linaondoa njia iliyowekewa xalt, basi ni mabadiliko ya mkataba kwa upande wowote utakaoliomba, na pande zote zirudi mezani. Kipimo hicho hakimpendelei mnunuzi wala mtengenezaji.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Serikali Mtandao, na taasisi zote zinazotangaza zabuni za mifumo, zidai kwamba kila kiambatisho chenye michoro ya mfuatano kitanguliwe na tamko la maana. Halihitaji kuzidi nusu ukurasa. Kwa maoni yangu maneno yafuatayo yanatosha kuanzia: «Mienendo inayotokana na michoro ya kiambatisho hiki ni halali. Mienendo iliyowekewa alama ya katazo ni batili, na ubatili huo hauondolewi na toleo lolote la baadaye la usanifu. Mwenendo usiotajwa haujaamuliwa, na mtengenezaji hataruhusiwa kuuingiza katika mfumo kabla pande zote mbili hazijauamua kwa maandishi. Uchaguzi ulioandikwa alt ni hiari ya mtengenezaji. Uchaguzi ulioandikwa xalt ni wajibu, na njia zake zote zitakuwepo katika mfumo utakaokabidhiwa. Mpangilio wa jumbe kutoka kwa watumaji tofauti hautahesabiwa kuwa umehakikishwa isipokuwa pale palipoonyeshwa njia ya kuuhakikisha.»

Ningeongeza sharti moja la kazi: kwa kila mshale unaovuka mtandao, msanifu achore pia ujumbe ukichelewa, ukipotea na ukirudiwa, na kila kimoja kiamuliwe. Kwa mchoro wangu wa mishale 5 hali hizo ni 15, na nyingine zitajibiwa kwa mstari mmoja wa maandishi. Hata hivyo ziwepo, kwa sababu fundi wa majaribio hawezi kujaribu jambo ambalo hakuna aliyelisema, na mkaguzi wa hesabu hawezi kulihoji.

Na kwa wenzangu wanaofundisha uhandisi wa programu katika vyuo vyetu, nina ombi dogo zaidi. Mitihani mingi humtaka mwanafunzi achore mchoro wa mfuatano kutoka kwenye simulizi, na alama hutolewa kwa mishale iliyopangwa vizuri. Mpeni mchoro uliokwisha chorwa, mumwombe aorodheshe mienendo yake yote halali, aonyeshe jumbe zinazoshindana kufika, kisha mumpe mchoro wa pili na kumuuliza kama unautimiza wa kwanza. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo mara chache hatakubali tena kuambiwa kwamba mchoro unajieleza wenyewe.

Tamko la maana nililolinukuu hapo juu nimeliandaa kwa ukamilifu, pamoja na mchoro wa ununuzi wa umeme ukiwa na hali zake zote 15. Nitaukabidhi waraka huo ofisini kwako, Ndugu Mhariri, ili taasisi au kampuni yoyote inayotaka kuutumia katika zabuni yake iuchukue na kuurekebisha bila malipo.

Wako katika kazi,
Mhandisi wa programu
Ubungo, Dar es Salaam